Tulichojifunza Tororo: Hotuba ya Mwalimu katika Siku ya Wakimbizi



Kamati imeniomba niseme machache juu ya safari ya wanafunzi wetu 12 kwenda Tororo, ambako walihudhuria mkutano wa mfano wa Umoja wa Mataifa pamoja na wanafunzi wa pande zote mbili za mpaka wa Uganda na Kenya. Wazazi wengi wameniuliza: "Mwalimu, mlikwenda kucheza mchezo gani huo, wa siku mbili, wakati mitihani iko mlangoni?" Leo nawajibu hadharani, ili nisiulizwe tena kwenye foleni ya maji.

Kwanza nikumbushe tarehe. Leo ni 20 Juni. Siku kama ya leo mwaka 1974 ulianza kutumika ule Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika juu ya wakimbizi, uliotiwa sahihi Addis Ababa mwezi Septemba 1969. Kwa miaka mingi tarehe hii iliitwa Siku ya Wakimbizi wa Afrika, na tangu 2001 dunia nzima inaiadhimisha pamoja nasi. Mkataba huo uliandikwa na watu waliokaa mezani, wakabishana juu ya neno moja moja. Karatasi yao ndiyo inayomzuia askari kumrudisha mtu mpakani. Kwa hiyo mwanafunzi anayejifunza jinsi karatasi ya namna hiyo inavyotengenezwa anajifunza habari za maisha yake mwenyewe.

Sasa, mkutano wa mfano ni nini? Ni mazoezi. Vyuo vya Marekani vilianza kuigiza Shirikisho la Mataifa katika miaka ya 1920, kabla hata ya Umoja wa Mataifa kuzaliwa mwaka 1945. Huku kwetu, kwa miaka mingi wanafunzi wa sekondari wa Afrika Mashariki wamekutana Gigiri, Nairobi, katika kumbi zile zile za Umoja wa Mataifa. Sisi hatukufika Gigiri. Tulikaa katika madarasa ya shule moja ya Tororo, mwamba wa Tororo ukionekana dirishani, na vibao vya majina ya nchi vilikatwa kutoka maboksi ya sabuni.

Kila mwanafunzi hupewa nchi, wala haruhusiwi kuchagua. Mtoto wa Kongo anaweza kupewa Norwe, na mtoto wa Sudan Kusini akapewa China. Kazi yake ni kusema yale ambayo nchi hiyo ingesema, hata kama moyo wake unakataa. Wajumbe hugawanywa katika kamati. Wengine huingia Baraza Kuu, ambalo lina wanachama 193, na kila mmoja ana kura moja. Wengine huingia Baraza la Usalama lenye wanachama 15, ambapo azimio huhitaji kura 9, na wakubwa watano wanaweza kuliua kwa kura ya turufu. Wengine hushughulikia afya, wengine wakimbizi.

Utaratibu ni mkali. Majina huitwa. Anayetaka kusema huandikwa kwenye orodha, na dakika zake zikiisha mwenyekiti hugonga meza, hata kama alikuwa katikati ya neno tamu. Baadaye wajumbe huachiwa muda wa kuinuka na kuzungumza kandokando, na hapo ndipo kazi yenyewe hufanyika: kutafuta wa kukuunga mkono, kukubaliana, kuandika rasimu, kukusanya sahihi. Rasimu hurudi mezani, hurekebishwa, hupigiwa kura.

Niseme ukweli, siku ya kwanza haikuwa nzuri kwetu. Mkutano ulikuwa kwa Kiingereza, na wavulana wawili wenye sauti kubwa kutoka shule za mjini waliuchukua wote. Watoto wetu walikaa kimya kama wageni kwenye harusi. Jioni sisi walimu tulikwenda kwa waandaaji. Tukawakumbusha kwamba Umoja wa Afrika ulikikubali Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi mwezi Februari 2022, na kwamba pale mpakani, Busia na Malaba, biashara nyingi huendeshwa kwa Kiswahili. Tulikubaliwa. Siku ya pili kila mjumbe alisema kwa lugha aliyoiweza.

Siku hiyo ya pili ndiyo iliyonileta hapa mbele yenu, kwa sababu ilikuwa siku ya mgogoro wa kuigiza.

Katika kamati ya mgogoro hakuna mada moja ya kuzungumza polepole. Wajumbe hufanywa baraza la mawaziri, na kila baada ya muda mlango hufunguliwa na taarifa mpya huletwa: daraja limevunjika, mafuta yamekwisha, kuna watu wamekufa. Lazima waamue. Uamuzi wao huandikwa kama agizo, hupigiwa kura, kisha hupelekwa chumba cha nyuma. Huko nyuma wamekaa walimu wachache, ambao kazi yao ni kuandika matokeo ya agizo hilo na kuyarudisha mezani kama taarifa nyingine. Ukiamua vibaya, ubaya wako unakurudia baada ya nusu saa.

Waandaaji walichagua mgogoro wa kweli: Januari 2008, mpaka wa Kenya na Uganda. Vijana wengi hapa hawakuwa wamezaliwa, kwa hiyo nieleze. Kenya ilifanya uchaguzi tarehe 27 Desemba 2007. Matokeo yalipotangazwa tarehe 30, nchi iliwaka. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu walikimbia makwao. Barabara zilifungwa kwa mawe na magogo, reli iling'olewa Kibera, na mafuta yakaadimika Uganda, na hata Rwanda. Maelfu ya Wakenya walivuka Malaba na Busia kwa miguu. Walipokewa wilayani Tororo, wakawekwa katika kambi ya muda ya Mulanda, na baadaye mwaka huo huo wengi wakahamishiwa Kiryandongo. Mazungumzo yaliyoongozwa na Kofi Annan, pamoja na Mzee Benjamin Mkapa na Mama Graça Machel, yalifikia mapatano tarehe 28 Februari 2008.

Katika zoezi letu kulikuwa na vyumba vitatu: mawaziri wa Kenya, mawaziri wa Uganda, na kamati ya mashirika ya misaada. Mimi niliwekwa chumba cha nyuma. Waandaaji hawakujua kwamba nilivuka Malaba mwezi huo huo wa Januari nikiwa na umri wa miaka 17. Wala sikuwaambia.

Saa nne asubuhi agizo la kwanza liliingia kutoka kwa mawaziri wa Uganda. Liliandikwa vizuri, kwa mwandiko safi. Lilisema: "Kwa kuwa mafuta yanapungua, na kwa kuwa kuna hofu ya silaha na magonjwa, mpaka wa Malaba na Busia utafungwa kwa saa 48." Kura saba ziliunga mkono, mbili zilipinga. Sahihi ya kwanza ilikuwa ya Waziri wa Mambo ya Ndani. Na Waziri huyo alikuwa mwanafunzi wetu, msichana aliyevuka Elegu mwaka 2016 akiwa na miaka saba, ameshika kanga ya nyanyake.

Ndugu zangu, nilikaa na karatasi ile kwa muda. Kazi yangu ilikuwa kuandika matokeo. Niliandika sentensi tatu tu: "Ni saa kumi na mbili jioni, mvua inanyesha. Watu 300 wamekwisha kugongewa upande wa Kenya, nao wamezuiwa upande wa Uganda, hivyo wamesimama kati ya vituo viwili. Miongoni mwao kuna mwanamke aliyejifungua jana."

Wanaoijua Malaba ya zamani wanajua nafasi hiyo ninayoisema. Siku zile ulitoka kwenye ofisi ya nchi moja, ukatembea mpaka ofisi ya nchi ya pili, na katikati hukuwa mtu wa mtu. Ni kwa sababu ya mwendo huo watu wa Busia walianza kubeba abiria kwa baiskeli kutoka boda hadi boda, na neno bodaboda likazaliwa. Siku hizi mambo ni mepesi. Busia kituo cha pamoja kilizinduliwa rasmi Februari 2018, na msafiri hukaguliwa mara moja tu, upande anaoingia. Lakini mwaka 2008 nafasi ile ilikuwepo, nami nilisimama humo. Nashukuru kusema mbele ya wawakilishi wa serikali hii kwamba Uganda ya kweli haikufunga. Ilitupokea. Nasimama hapa leo kwa sababu uamuzi wa kweli ulikuwa tofauti na ule wa wanafunzi wangu.

Taarifa yangu ilipelekwa ndani. Niliruhusiwa kusimama mlangoni na kusikiliza. Waziri wetu aliisoma mara mbili. Kisha akainua kibao chake, akauliza: "Bwana Mwenyekiti, watu hawa 300 wana mjumbe hapa?" Mwenyekiti, naye mwanafunzi, akapekua kanuni, akajibu kwamba kanuni zinatambua wajumbe wenye vibao peke yao. Akatoa hoja kwamba shahidi mmoja asikilizwe. Hoja ilipigiwa kura, ikaanguka, nne kwa tano.

Nilidhani ataketi. Badala yake alimwandikia ujumbe rafiki yake aliyekuwa katika kamati ya misaada, akaomba msaada wa sheria. Jibu lililorudi lilikuwa ibara ya pili ya ule Mkataba wa 1969 niliowatajia. Ibara hiyo inasema mambo matatu yanayotuhusu. Kumpa mtu hifadhi ni tendo la amani na utu, na nchi aliyotoka haipaswi kuliona kama uadui. Mtu asikataliwe mpakani ikiwa kumkataa kutamrudisha kwenye hatari. Na kwa ajili ya usalama, wakimbizi wawekwe umbali wa kutosha kutoka mpakani. Kenya na Uganda zote ni wanachama wa mkataba huo.

Akakaa na mawaziri wenzake wakati wa mazungumzo ya kandokando, mmoja baada ya mwingine. Hakuwaambia kwamba ni wabaya. Alimwuliza kila mmoja anaogopa nini. Aliyeogopa silaha alipewa kifungu cha ukaguzi. Aliyeogopa magonjwa alipewa kifungu cha wauguzi getini. Aliyelia juu ya mafuta alipewa kifungu cha magari. Agizo jipya likasema: mpaka uko wazi kwa watembeao kwa miguu, watakaguliwa, watapelekwa mbali na mpaka, na kila kundi litachagua wasemaji wawili, mmoja wao mwanamke, ambao maneno yao yataandikwa na kuletwa kwa mawaziri kila jioni. Kura zikawa sita kwa tatu. Likapita.

Kwenye basi tukirudi nilimwuliza: "Wewe, uliyevuka Elegu, uliwezaje kutia sahihi agizo lile la kwanza?" Akaniangalia, akasema: "Mwalimu, nilikuwa Waziri."

Nimelifikiria jibu hilo kila siku tangu hapo. Halikuwa jibu la kiburi. Mtoto alisema ukweli: kiti kina nguvu ya kumgeuza anayekikalia. Ukikaa kwenye kiti unaona mafuta, silaha, magonjwa, bajeti. Waliosimama mvuani huwaoni, kwa sababu hawako chumbani. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lakini huyu alikilalia kitanda, akawajua kunguni, na bado alisahau kwa asubuhi moja! Ikiwa yeye alisahau, ni nani kati yetu asiyeweza kusahau?

Wala hili si jambo la watoto. Mwaka 1994 Rwanda ilikuwa mwanachama wa Baraza la Usalama. Mjumbe wake alikaa kwenye kiti, kibao mbele yake, akisema kwa niaba ya serikali ile ile iliyokuwa ikiendesha mauaji. Tarehe 21 Aprili, katikati ya mauaji, Baraza lilipitisha azimio namba 912 la kupunguza askari wa Umoja wa Mataifa nchini humo hadi 270 hivi. Kiti cha Rwanda kilikuwepo. Waliokuwa wakiuawa hawakuwa na kibao.

Sasa nigeuke, nizungumze juu ya nyumbani. Sitamsema mtu. Nitajisema mimi.

Mwaka 2023 mgawo wa chakula ulipopungua na familia zikapangwa kwa makundi, mikutano iliitishwa kuelezea. Mimi ni mwalimu, nasoma na kuandika, nilikuwa na nafasi ya kukaa kwenye mikutano hiyo na kuuliza maswali. Sikwenda. Nilibaki nikisahihisha madaftari. Wiki zilizofuata watoto walikuja darasani wakiniuliza: "Mwalimu, kundi hili maana yake nini? Kwa nini jirani yetu yuko katika lile?" Sikuwa na jibu. Uvumi ukajaza nafasi ambayo maelezo yangeijaza. Kuna bibi kizee, mgonjwa wa miguu, ambaye hakujua kwamba angeweza kukata rufaa mpaka muda ulipokwisha. Nyumba yake iko hatua 50 kutoka darasani kwangu. Hakuwa na kibao, na mimi niliyeweza kumsemea sikuwa chumbani.

Kwa hiyo sikuja leo kuomba makofi kwa wanafunzi, ingawa wanastahili. Nimekuja na maombi matatu kwa Kamati na moja kwa wageni wetu.

Ombi la kwanza: tufanye mazoezi kabla ya shida. Mwezi Juni 2019, katika mpaka wa Namanga, Jumuiya ya Afrika Mashariki iliongoza Kenya na Tanzania katika zoezi kubwa la kuigiza mlipuko wa ugonjwa, ili kila idara ijue zamu yake. Kama nchi hufanya hivyo, kamati yetu inashindwaje? Mara moja kila muhula tukae nusu siku na kujiuliza: pampu ya kisima imeharibika na fundi hafiki kabla ya wiki, mgawo umechelewa, ng'ombe wameingia shamba la mwenyeji na vijana wameshika fimbo. Nani anafanya nini saa ya kwanza? Wanafunzi 12 wako tayari kutuandalia taarifa za kuigiza. Wana uzoefu, na hawana huruma.

Ombi la pili: maamuzi yetu yaandikwe kama maazimio. Tumezoea kumaliza mkutano kwa kusema "imekubaliwa", kila mtu akaenda nyumbani na makubaliano yake. Azimio linataja jambo, mtu na tarehe. "Kamati itashughulikia" si azimio. "Katibu wa maji atamwona mhandisi kabla ya Ijumaa na kuleta jibu Jumapili" ni azimio. Na mkutano unaofuata uanze kwa kulisoma.

Ombi la tatu ndilo kubwa. Kabla ya kila kura, Mwenyekiti aulize kwa sauti: "Ni nani anayeguswa na jambo hili na hayupo hapa?" Akitajwa mtu, kura isubiri mpaka watu wawili wamekwenda kumwuliza na kurudi. Tutachelewa siku moja. Kuchelewa siku moja si kitu kwa watu waliongoja miaka.

Na kwa ndugu zetu wa mashirika, mnaofanya kazi ngumu kwa fedha zinazopungua kila mwaka, ombi langu ni hili: tupeni karatasi siku tatu kabla ya mkutano, kwa lugha tunazosoma. Tukipewa karatasi mlangoni, tunachoweza kutia ni sahihi ya mahudhurio, na sahihi ya mahudhurio si kura.

Kuna watakaosema kwamba mkutano wa mfano ni maigizo, na kwamba maigizo hayajazi sufuria. Ni kweli, hayajazi. Hakuna mkimbizi aliyepata sahani ya maharagwe kwa sababu ya siku zetu mbili za Tororo. Lakini shida inapokuja haikupi muda wa kujifunza. Siku ile ya Januari 2008 mbele yangu alisimama ofisa mmoja na kalamu na daftari. Hakuwa rais wala waziri. Alituuliza majina, akaandika, akatuonyesha pa kukaa kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Hilo ndilo nililolikumbuka nilipokuwa nikiandika sentensi zangu tatu. Mtu yule alijua la kufanya kabla hatujafika.

Binti yetu, Waziri, yuko pale nyuma chini ya mwembe. Mkitaka kumjua zaidi msimsifu. Mpeni nafasi kwenye mkutano wa Kamati wa mwezi ujao, akae, asikilize, na aulize lile swali lake.

Katibu ananionyesha saa.